Namna ya kulitoa taifa katika kujitenga: mwongozo kutokana na kazi ya Roosevelt, 1937 hadi 1941

Mwongozo huu umekusudiwa mtu anayemsaidia kiongozi kuzungumza na wananchi wasiotaka hata kusikia habari za vita vya mbali: mwandishi wa hotuba, mshauri, mbunge, au mwanafunzi wa siasa anayetaka kujua kazi hiyo hufanywaje. Mfano tutakaoufuata ni mmoja tu, wa Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani kati ya Oktoba 1937 na Desemba 1941. Kazi hiyo ilifanyika kwa sehemu kubwa hadharani, kwa hotuba, sheria na kura zilizohifadhiwa, na ndani yake mna ya kuigwa na mna ya kuepukwa, wakati mwingine katika wiki ile ile.

Shina la mwongozo mzima ni hili: Roosevelt hakujaribu kuwaondolea Wamarekani hamu yao ya kubaki nje ya vita. Hamu hiyo aliiacha mahali pake, akaiheshimu, hata akaiapia. Alichobadilisha ni hesabu ya namna ya kuitimiza. Mwaka 1935 hesabu ya wengi ilikuwa kwamba atakaye amani afunge mlango. Kufikia Machi 1941 wengi walikuwa wamekubali kwamba atakaye amani ampe Mwingereza silaha. Hamu ilikuwa ile ile, jibu likawa jingine. Mshauri asiyeielewa tofauti hii atapoteza miaka akiwahubiria watu ushujaa wasiouomba.

Jua kwanza woga umetoka wapi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Wamarekani wa miaka ya 1930 walikuwa wameumwa kweli. Mwaka 1916 walimrudisha madarakani Rais Woodrow Wilson kwa sifa ya kuwaepusha na vita. Aprili 1917 Wilson huyo huyo akawaingiza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na katika muda usiozidi miezi ishirini wakapoteza askari wapatao 116,000. Baadaye wakaona nchi walizozikopesha fedha zikiacha kulipa, isipokuwa Finland, na Ulaya ikirudia ugomvi wake wa zamani kana kwamba hakuna aliyekufa. Baraza la Seneti liliukataa Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya vita hivyo, mwaka 1919 na tena mwaka 1920, kwa hiyo Marekani haikuingia kamwe katika Shirika la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 1934 kamati ya Seneta Gerald Nye wa North Dakota ilichunguza faida walizopata watengenezaji wa silaha na mabenki, na wananchi wengi wakaondoka na imani kwamba vijana wao walikuwa wameuzwa.

Imani hiyo ndiyo iliyozaa Sheria za Kutoegemea Upande. Ile ya mwaka 1935 ilipiga marufuku kuuzia silaha nchi zinazopigana. Ya mwaka 1936 ikazuia mikopo. Ya mwaka 1937 ikawakataza raia kusafiri kwa meli za nchi hizo. Januari 1938 mbunge Louis Ludlow wa Indiana alitaka Katiba ibadilishwe ili nchi isiweze kutangaza vita bila kura ya wananchi wote, isipokuwa imeshambuliwa. Hoja yake ilizuiwa isifike hata kwenye mjadala kwa kura 209 dhidi ya 188. Tofauti ni kura 21, baada ya Rais kutumia nguvu zote alizokuwa nazo kuipinga.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuandika sababu za wapinzani kwa maneno ambayo wao wenyewe wangeyakubali, na kutenganisha kundi na kundi. Marekani walikuwako wakulima wa majimbo ya kati walioona Ulaya kuwa mbali kama mwezi, Wamarekani wenye asili ya Ireland ambao hawakuona kwa nini wafe kwa ajili ya himaya ya Uingereza, wenye asili ya Ujerumani, wasoshalisti kama Norman Thomas, wanafunzi, akina mama waliozika, na matajiri waliomchukia Roosevelt kwa sababu za uchumi, ambao wangepinga hata mvua kama yeye ndiye angeitabiri. Hotuba moja haiwezi kuwajibu wote hawa. Wengine hujibiwa kwa hoja, wengine kwa mtu wa kwao anayewaambia jambo lile lile, na wengine hawajibiki kabisa. Hao wa mwisho huhesabiwa tu na kupigiwa hesabu ya kura.

Usitamke sitiari isiyo na sentensi ya pili

Tarehe 5 Oktoba 1937, miezi mitatu baada ya Japani kuanza vita kamili dhidi ya China, Roosevelt alifungua daraja mjini Chicago, katikati kabisa ya eneo la watetezi wa kujitenga. Katika hotuba yake alisema kwamba ukiukaji wa sheria duniani unaenea kama maradhi ya kuambukiza, na kwamba maradhi yakianza kuenea jamii hukubaliana kumweka mgonjwa karantini. Ilikuwa sitiari nzuri. Kila mzazi wa wakati ule alijua karantini ni nini, kwa kuwa nyumba za wagonjwa zilibandikwa matangazo mlangoni.

Kesho yake waandishi wa habari walimwuliza maana yake ni nini hasa: ni vikwazo vya biashara, ni muungano, ni kitu gani? Hakuwa na jibu. Viongozi wa chama chake bungeni walinyamaza, wapinzani wakapaza sauti, naye akarudi nyuma na kutembea kwa tahadhari kubwa kwa karibu miaka miwili. Kosa halikuwa ujasiri. Kosa lilikuwa kutangulia mbele bila mtu nyuma na bila hatua ya kuonyesha. Kabla ya kiongozi wako kupanda jukwaani, hakikisha mambo mawili: kuna watu wasiopungua watano wenye heshima waliokwisha kukubali kumwunga mkono kesho yake asubuhi, na kuna kitendo kimoja kidogo, kinachotajika kwa sentensi moja, ambacho hotuba inakiomba. Lisipokuwapo hilo la pili, ni afadhali hotuba isubiri.

Hesabu kura, kisha tafuta hatua inayoridhisha hamu ya zamani

Usiku wa tarehe 18 Julai 1939 Roosevelt aliwaita maseneta wakubwa White House ili kuwaomba waondoe marufuku ya kuuza silaha. Seneta William Borah wa Idaho alisema kwamba mwaka ule hakutakuwa na vita Ulaya, na kwamba habari zake ni bora kuliko za Wizara ya Mambo ya Nje. Makamu wa Rais, John Garner, akawauliza waliokuwapo mmoja mmoja, kisha akamwambia Rais kwamba kura hana. Roosevelt alikubali na kuwaaga. Wiki sita baadaye Ujerumani iliivamia Poland, na Borah hakuwa na la kusema tena kuhusu habari zake.

Angalia alichofanya baada ya hapo, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Tarehe 3 Septemba aliwaambia wananchi redioni kwamba taifa litabaki bila kuegemea upande, lakini hawezi kumwomba kila Mmarekani asiegemee upande hata katika mawazo yake. Wilson mwaka 1914 alikuwa amewaomba hivyo hasa, na watu walikumbuka. Kwa sentensi moja Roosevelt aliwaruhusu wananchi kuhisi walichokuwa wakikihisi tayari, bila kuwadai chochote. Kisha akaliita Bunge na kuomba mpango wa kulipa taslimu na kubeba mwenyewe: nchi inayopigana ingeweza kununua silaha za Marekani, ila ilipe papo hapo na kuzichukua kwa meli zake. Meli za Marekani zingekatazwa kuingia katika maeneo ya vita, na mikopo isingekuwapo.

Mpango huo uliisaidia Uingereza na Ufaransa, kwa kuwa ndizo zilizotawala bahari. Kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo ulijibu pia malalamiko mawili makubwa ya mwaka 1917, yaani mikopo iliyoifunga nchi na meli zilizozamishwa. Mpenda kujitenga aliweza kuupigia kura bila kujiona ameisaliti imani yake. Sheria ilitiwa saini tarehe 4 Novemba 1939. Hatua ya kwanza ya safari ndefu inatakiwa kuwa ya namna hii: inasogea mbele, lakini imevaa nguo za nyumbani.

Maneno yatoke vinywani mwa wengine

Katika kampeni hiyo ya mwaka 1939 Rais mwenyewe alisikika kwa nadra. Aliyesikika zaidi ni William Allen White, mhariri wa gazeti dogo la Emporia huko Kansas, Mrepublican wa siku nyingi, ambaye hakuna aliyeweza kumwita kibaraka wa Democratic, chama cha Roosevelt. Mei 1940 White aliongoza kamati ya kuilinda Marekani kwa kuwasaidia Washirika, na jina lenyewe la kamati ndilo hoja nzima: mlengwa wa kulindwa ni Marekani, msaada ni njia tu. Ukipewa kazi ya kuunda chombo cha namna hiyo, tumia siku tatu kwa ajili ya jina kabla ya kutumia saa moja kwa ajili ya katiba yake.

Juni 1940, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Republican, Roosevelt alimteua Henry Stimson kuwa Waziri wa Vita na Frank Knox kuwa Waziri wa Jeshi la Majini. Wote wawili walikuwa Warepublican. Stimson alikuwa waziri wa mambo ya nje wa rais aliyemtangulia, na Knox alikuwa mgombea mwenza wa upande wa pili mwaka 1936. Wilson alikwenda Paris Desemba 1918 bila kiongozi yeyote mzito wa upinzani, akarudi na mkataba usiokuwa na mwenyewe bungeni. Roosevelt alikuwa naibu waziri katika serikali ile, na alikuwa amelitazama kosa hilo kwa karibu.

Sheria ya kuandikisha vijana jeshini wakati wa amani, ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, haikuanzia Ikulu pia. Ilisukumwa na raia, wakiongozwa na mwanasheria Grenville Clark wa New York, na ikapelekwa bungeni na seneta Mdemocrat aliyekuwa amekosana na Roosevelt pamoja na mbunge Mrepublican. Rais aliiacha itembee peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuiunga mkono mwezi Agosti. Mpinzani wake wa uchaguzi, Wendell Willkie, aliiunga mkono mwezi huo huo, na kwa kitendo hicho aliiondoa katika vita vya kampeni. Sheria ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1940. Katika kuizungumzia Roosevelt aliliepuka neno la kulazimishwa, akatumia neno la zamani la mkusanyiko wa wanamgambo, lililowakumbusha watu wakulima waliotoka na bunduki zao mwaka 1775. Kwa hiari yangu ningemshauri kila mwandishi wa hotuba awe na daftari la maneno ya aina hii, yaliyolala katika kumbukumbu ya taifa, kwa sababu neno geni huomba ruhusa mlangoni na la nyumbani huingia bila kubisha.

Onyesha taifa linachopata

Winston Churchill aliomba manowari kuukuu za Marekani tangu Mei 1940. Zawadi ingekuwa vigumu kuitetea, lakini mabadilishano yaliwezekana. Mwanzoni mwa Septemba manowari 50 zilikwenda Uingereza, na Marekani ikapata haki ya kujenga vituo vya kijeshi kwa miaka 99 katika visiwa na pwani za Waingereza, kuanzia Newfoundland na Bermuda hadi Trinidad na Guiana. Magazeti yalichapisha ramani, na ramani ilitosha: mkufu wa vituo ukiikinga pwani ya mashariki. Roosevelt alilinganisha tendo hilo na ununuzi wa Louisiana wa mwaka 1803. Mtu aliyechukia Ulaya aliweza kulifurahia kama mfanyabiashara aliyepata bei nzuri.

Gharama yake nayo itajwe. Bunge halikuulizwa, lilipewa taarifa ya jambo lililokwisha kufanyika, likiegemea maoni ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Robert Jackson. Njia hiyo ni ya haraka, na kila inapotumiwa humfundisha rais anayefuata kwamba inatumika.

Mpira wa maji

Mwishoni mwa mwaka 1940 Uingereza ilikuwa karibu kuishiwa dola, na sehemu ya kulipa taslimu katika ule mpango wa mwaka 1939 ilikuwa inavunjika. Churchill alieleza hali hiyo katika barua ndefu iliyomfikia Roosevelt akiwa mapumzikoni katika manowari Tuscaloosa, bahari ya Karibi, wiki chache baada ya kuchaguliwa mara ya tatu. Aliporudi, tarehe 17 Desemba, aliwaambia waandishi wa habari mfano. Nyumba ya jirani inaungua, alisema, na mimi nina mpira wa kumwagilia bustani. Jirani akiuchukua na kuuunganisha na bomba lake, naweza kumsaidia kuuzima moto. Sasa, simwambii kwanza kwamba mpira huu ulinigharimu dola 15, nilipe dola 15. Dola 15 sizitaki. Nataka mpira wangu moto ukishazimwa.

Mfano huu unastahili kukaa nao, kwa kuwa kila kipande chake kinafanya kazi. Kwanza, badala ya vita umewekwa moto, na moto hauna uraia. Hakuna anayeambiwa amchukie Mjerumani. Pili, Atlantiki imetoweka. Ulaya, iliyokuwa mbali kama mwezi, sasa ni nyumba ya pili kutoka kwako, na hakuna asiyejua kwamba moto huruka ukuta. Tatu, anayezima moto ni jirani mwenyewe. Wewe umesimama uani kwako na kazi yako ni kukopesha, wala mwanao hatajwi. Nne, bei ni dola 15, kiasi ambacho msikilizaji anakijua dukani, wala si mabilioni yanayomtisha. Tano, na hili husahauliwa, aliyeshika mpira ni msikilizaji. Hakuombwa huruma, amepewa cheo cha mwenye nyumba mwenye akili. Sisi tuna methali isemayo mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini hiyo inamfundisha mtu kulowesha kichwa chake mwenyewe. Roosevelt alihitaji watu wampe jirani maji, na ndiyo maana alihitaji moto na wala si wembe.

Mfano mzuri una mahali unapovuja, na mshauri anatakiwa apaone kabla ya mpinzani. Hapa panajulikana: silaha iliyotumika vitani hairudi. Seneta Robert Taft wa Ohio alisema kwamba kukopesha zana za vita ni kama kukopesha ubani wa kutafuna, kwa kuwa baada ya matumizi huutaki tena. Alikuwa na haki kabisa, na bado alishindwa, kwa sababu mfano wake uliwachekesha watu na ule wa Roosevelt uliwaeleza wafanye nini.

Tarehe 29 Desemba Rais alirudi redioni na kusema kwamba Marekani iwe ghala kuu la silaha la demokrasia, akisisitiza kwamba lengo ni kuwaepusha wananchi na vita vya kufa na kupona. Mswada ulipofika bungeni ulipewa nambari 1776, mwaka wa uhuru wa Marekani, na hilo halikuwa bahati. Wapinzani walipotaka masharti, serikali ilikubali yale yasiyovunja mfupa: muda wa sheria uwe na kikomo, Rais atoe taarifa kwa Bunge, na iandikwe kwamba sheria yenyewe haiidhinishi jeshi la majini kusindikiza meli za mizigo. Willkie, aliyeshindwa uchaguzi miezi mitatu tu nyuma, alirudi kutoka London na kutoa ushahidi wa kuuunga mkono mswada mbele ya kamati ya Seneti. Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 260 dhidi ya 165, Seneti kwa 60 dhidi ya 31, na tarehe 11 Machi 1941 ukawa Sheria ya Kukopesha na Kukodisha. Fungu la kwanza lilikuwa dola bilioni 7.

Neno moja kuhusu redio, kwa kuwa wengi hudhani Roosevelt alizungumza kila wiki. Kati ya Septemba 1939 na mwisho wa mwaka 1940 alitoa yale mazungumzo yake maarufu ya kando ya moto mara tatu tu. Aliamini kwamba masikio ya watu hayawezi kuvumilia sauti ya juu kwa muda mrefu bila kuchoka. Kiongozi anayelihutubia taifa kila tukio linapotokea huligeuza tukio kubwa kuwa habari ya kawaida.

Wapinzani

Seneta Burton Wheeler wa Montana alisema sheria ile ya kukopesha ingemfukia udongoni mvulana mmoja katika kila wanne wa Marekani. Roosevelt alijibu kwa hasira ya wazi kwamba hilo ndilo jambo bovu kuliko yote yaliyosemwa hadharani katika kizazi chake. Hasira ya namna hiyo hufaa mara moja. Ya pili inaonekana kama mazoea.

Kamati ya America First (Marekani Kwanza), iliyoundwa Septemba 1940 kupinga kuingia vitani, ilifikia wanachama wapatao 800,000, na msemaji wake mashuhuri alikuwa rubani Charles Lindbergh. Septemba 1941 huko Des Moines, Lindbergh alisema wanaoisukuma nchi vitani ni Waingereza, Wayahudi na serikali ya Roosevelt. Hata wenzake wengi waliona haya. Rais hakuhitaji kusema kitu. Kama hoja ya mpinzani ina sumu ndani yake, mwache aimimine mwenyewe.

Lisiloigwa ni hili: mwaka 1940 Roosevelt aliipelekea FBI, idara ya upelelezi ya serikali, majina ya raia waliomtumia simu za maandishi za kupinga sera yake. Raia hao walikuwa wametumia haki yao, na taifa linaloombwa lisaidie demokrasia ng'ambo linastahili kuiona ikiheshimiwa nyumbani.

Ahadi isiyo na sharti

Tarehe 30 Oktoba 1940, siku sita kabla ya uchaguzi na wakati Willkie alipokuwa akimkaribia, Roosevelt aliwaambia wazazi huko Boston kwamba vijana wao hawatapelekwa katika vita vyovyote vya kigeni. Ilani ya chama chake ilikuwa na maneno ya ziada: isipokuwa tukishambuliwa. Boston aliyaacha. Washauri wake walipomwuliza, jibu lake lilikuwa kwamba tukishambuliwa vita si vya kigeni tena. Kwa mwanasheria jibu hilo linatosha, lakini kwa mama aliyesikiliza redio halitoshi, na ahadi ni deni. Iwapo unaandika hotuba ya siku za mwisho za kampeni, maneno ya sharti ndiyo ya kwanza kutetewa usiku wa kuamkia hotuba, kwa sababu ndiyo ya kwanza ambayo kila mtu atataka kuyafuta ili sentensi ipendeze.

Baharini, ambapo mfano unakoma kuwa mfano

Agosti 1941 Baraza la Wawakilishi lilirefusha muda wa vijana walioandikishwa kwa kura 203 dhidi ya 202. Kura moja. Anayedhani kwamba taifa lilikuwa limekwisha kugeuka aitazame nambari hiyo. Siku zile zile Roosevelt na Churchill walikuwa wakikutana melini kwenye ghuba ya Placentia, Newfoundland, na kutoka huko likatangazwa Tamko la Atlantiki, ambalo kifungu chake cha tatu kilitambua haki ya watu wote kuchagua serikali yao. Lilikusudiwa kuwapa Wamarekani sababu nzuri kuliko himaya ya Uingereza. Mwezi uliofuata Churchill alieleza bungeni kwake kwamba walengwa ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi; lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusikika Afrika, na Nnamdi Azikiwe na wenzake waliyashika na kuwadai nayo Waingereza mwaka 1943. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma katika Divisheni ya 11 nao walipigana chini ya tamko lile lile. Unapoandika kanuni ya kuwashawishi watu wako, isome kana kwamba wewe ni mtu wa mbali ambaye hakukusudiwa, kwa maana huyo atairudisha.

Tarehe 4 Septemba manowari Greer na nyambizi ya Kijerumani zilishambuliana karibu na Iceland. Wiki moja baadaye Roosevelt aliwaambia wananchi kwamba nyambizi ilishambulia kwanza, akaziita nyambizi za Wanazi nyoka wenye sumu wa Atlantiki, na kutangaza kwamba meli za kivita za Marekani hazitasubiri kupigwa. Hakuwaambia kwamba Greer ilikuwa ikiifuatilia nyambizi hiyo kwa saa kadhaa, wala kwamba ndege ya Uingereza ilikuwa imeidondoshea mabomu kabla. Oktoba 27 alisema anayo ramani ya siri ya Wajerumani ya kuigawa Amerika ya Kusini. Ramani hiyo ilikuwa ya kughushi, kazi ya wapelelezi wa Uingereza.

Wapo wanaotetea udanganyifu wa Greer kwa kuwa Hitler alikuwa Hitler. Mimi siutetei, na sababu yangu ni ya kiufundi kadiri ilivyo ya kimaadili. Tukio lenyewe, likielezwa kwa ukweli, lilitosha: Marekani ilikuwa inapeleka mizigo Uingereza, Ujerumani inaizamisha, na mtu anayekopesha mpira ana haki ya kuulinda hadi ufike kwenye moto. Roosevelt alikuwa ameijenga hoja hiyo kwa miaka miwili, kisha hakuiamini. Seneta William Fulbright alisema baadaye kwamba hila za Roosevelt kwa ajili ya jambo jema zilimrahisishia Rais Lyndon Johnson kutumia hila zile zile kwa ajili ya jambo baya, akikusudia tukio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, lililofungua njia ya vita vya Vietnam.

Siku tukio linapofika

Hata baada ya yote hayo, Novemba 1941 marekebisho ya mwisho ya Sheria ya Kutoegemea Upande yalipita katika Baraza la Wawakilishi kwa 212 dhidi ya 194 tu. Kilichoifunga hesabu ni mabomu ya Japani huko Pearl Harbor tarehe 7 Desemba. Kazi ya kiongozi haikuwa tena kushawishi, na hatari ya siku kama hiyo ni kuendelea kushawishi. Waziri wa Mambo ya Nje, Cordell Hull, alitaka hotuba ndefu yenye historia nzima ya mazungumzo na Japani. Roosevelt alikataa. Alisoma kwa dakika zisizofika saba. Katika rasimu alifuta maneno ya siku itakayokumbukwa katika historia ya dunia, akaandika siku itakayoishi katika fedheha. Akaorodhesha mahali palipovamiwa, Malaya, Hong Kong, Guam, Ufilipino, Wake na Midway, pamoja na kitenzi kile kile cha kushambulia, bila kivumishi.

Aliomba vita dhidi ya Japani peke yake. Ujerumani hakuiombea, ingawa ndiyo iliyokuwa akilini mwake kwa miaka minne, kwa sababu hapo wananchi walikuwa wameona kitu kimoja kwa macho yao na cha pili bado walikuwa wanaambiwa. Seneti ilikubali kwa kura 82 bila upinzani, na Baraza la Wawakilishi kwa 388 dhidi ya moja, ya Jeannette Rankin wa Montana, aliyekuwa amepinga pia mwaka 1917. Tarehe 11 Desemba Hitler mwenyewe aliitangazia vita Marekani.

Sehemu ya mwisho ya kazi huanza mapema, wakati vita vikiendelea, kwa kuwa kujitenga hurudi amani inaporudi. Katika ujumbe wa Marekani uliokwenda San Francisco kuandika Hati ya Umoja wa Mataifa, Roosevelt alimweka Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan, Mrepublican aliyekuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa kujitenga kabla ya Pearl Harbor. Rais alifariki tarehe 12 Aprili 1945, siku kumi na tatu kabla ya mkutano huo kufunguliwa. Vandenberg alibaki mezani, akabishana juu ya vifungu, akavirudisha nyumbani kama vyake, na tarehe 28 Julai Seneti iliipitisha Hati hiyo kwa kura 89 dhidi ya 2.